Kisu Ndani ya Ukoo: Taswira za Uhalifu katika Karatasi za Mtaani za José Guadalupe Posada

Utangulizi

José Guadalupe Posada (1852–1913) anajulikana ulimwenguni kwa mafuvu yake. Mifupa inayocheza ngoma, mifupa iliyopanda baiskeli, na hasa lile fuvu la kike lenye kofia pana ya manyoya ambalo baadaye liliitwa La Catrina, ndizo picha zinazochapwa upya kila mwaka nchini Meksiko inapowadia Siku ya Marehemu. Umaarufu huo umefunika sehemu nyingine ya kazi yake ambayo wanunuzi wake wa kwanza waliifahamu vyema, nayo ni picha za uhalifu: mwana anayewaua wazazi wake, mlezi anayemtesa mtoto wa watu, mwanamume anayemchoma kisu mwanamke aliyemkataa, na mfungwa aliyesimamishwa mbele ya bunduki za askari.

Wahakiki waliomfufua Posada baada ya kifo chake hawakuzipa picha hizi uzito mkubwa. Mwaka 1925 mchoraji Jean Charlot, mzaliwa wa Ufaransa aliyekuwa akifanya kazi Meksiko, alichapisha makala yaliyomtambulisha Posada kuwa mtangulizi wa harakati mpya ya sanaa ya nchi hiyo. Mwaka 1930 kilitoka kitabu chenye picha zake 406, kilichokusanywa na Frances Toor, Pablo O'Higgins na Blas Vanegas Arroyo, na utangulizi wake ukaandikwa na Diego Rivera. Katika utangulizi huo Posada anasimama kama sauti ya umma, adui wa matajiri na wa utawala wa Porfirio Díaz, mtu aliyeyanoa Mapinduzi ya 1910 kabla hayajazuka. Usomaji wa namna hii una ukweli ndani yake, lakini unaichagua sehemu inayoupendeza na kuiacha iliyosalia. Mwana anayempa baba yake sumu hana nafasi katika historia ya mapambano ya kitabaka, na kwa hiyo huachwa pembeni kama bidhaa ya kutafutia riziki.

Makala haya yanashikilia kwamba picha za uhalifu za Posada zina nadharia yake kuhusu uhalifu, na kwamba nadharia hiyo imebebwa na fani kabla ya kubebwa na maneno. Inauona uovu kuwa ni kuvunjika kwa udugu. Kwa kufanya hivyo iliwapa wasomaji wake maskini hadhi ambayo wataalamu wa zama zao waliwanyima. Hata hivyo, hadhi hiyo ilikuwa na bei: dola iliepuka kuangaliwa, na miili ya wanawake na watumishi ikageuzwa kuwa kiolezo. Mhakiki anayetaja faida peke yake, au bei peke yake, hajaisoma kazi yote.

Karakana na Hadhira

Posada alizaliwa Aguascalientes. Alijifunza kazi katika karakana ya Trinidad Pedroza, akahamia León mwaka 1872, na baada ya mafuriko makubwa yaliyoupata mji huo mwaka 1888 akahamia Jiji la Meksiko. Huko alifanya kazi na wachapishaji kadhaa, lakini jina lake limefungamana zaidi na la Antonio Vanegas Arroyo, aliyeanzisha biashara ya uchapishaji mwaka 1880. Kabla ya Posada, mchongaji mkuu wa karakana hiyo alikuwa Manuel Manilla, na fani nyingi zinazohesabiwa kuwa za Posada zilikuwa zimekwisha kuota mizizi mikononi mwa mzee huyo. Jambo hili ni la msingi. Picha za uhalifu hazikubuniwa na mtu mmoja mwenye kipawa cha pekee. Zilikuwa mapokeo ya karakana, nazo zilikuwa na kanuni zake.

Bidhaa yenyewe ilikuwa karatasi moja nyembamba, ya bei ya chini, mara nyingi ya rangi. Juu yake palikuwa na kichwa chenye herufi nene, kisha picha, kisha masimulizi ya nathari, na aghalabu beti za kuimbwa. Maandishi mengi ya karakana hiyo yalitungwa na mshairi Constancio S. Suárez, ingawa kwa kawaida karatasi hazikutaja mtunzi. Wachuuzi walizitembeza mitaani, sokoni na kwenye maonyesho ya vijijini, wakizitangaza kwa sauti na hata kuziimba. Katika jamii ambamo sehemu kubwa ya watu hawakujua kusoma, karatasi hizi zilisikilizwa na kutazamwa kabla ya kusomwa. Ni makosa, basi, kuichukulia picha kuwa pambo la maandishi. Kwa wengi wa hadhira hiyo picha ndiyo iliyokuwa matini, na maandishi yalikuwa ufafanuzi uliotolewa na mtu mwingine kwa mdomo.

Mbinu ya kuchapa nayo ilichangia. Posada alichonga kwa patasi ndogo katika madini laini ya kuundia herufi, na baadaye alitumia pia bamba za zinki zilizoliwa kwa tindikali. Katika njia zote mbili mistari inayobeba wino huwa imeinuka kama herufi zilivyoinuka, hivyo picha na maneno viliweza kufungwa pamoja na kuchapwa kwa mkandamizo mmoja. Faida yake ilikuwa kasi. Moja ya machapisho ya Vanegas Arroyo, Gaceta Callejera, yaani Gazeti la Mtaani, lilitangaza chini ya jina lake kwamba litatoka pale tu matukio ya kusisimua yatakapolazimu. Halikuwa na siku maalumu. Kalenda yake ilikuwa umwagaji wa damu.

Kasi hiyo ilizaa tabia nyingine yenye uzito wa kihakiki. Karakana ilihifadhi mabamba. Tukio jipya lilipotokea, bamba la zamani liliweza kutolewa rafuni na kuchapwa chini ya kichwa kipya. Mtu aliyepigwa risasi mwaka mmoja akawa mtu mwingine mwaka uliofuata, kwa uso uleule na ukuta uleule. Kwa mtazamo wa uandishi wa habari huu ni udanganyifu. Kwa mtazamo wa fasihi simulizi ni jambo linaloeleweka vizuri: fanani hutumia virai na vifungu vilivyokwisha kuundwa, na hadhira haimlaumu, kwa kuwa inajua kwamba kifungu kinalitambulisha tukio katika jamii ya matukio yanayofanana nalo. Bamba la Posada lilifanya kazi kama kifungu cha fanani. Halikusema mtu huyu alionekana hivi. Lilisema jambo hili ni la aina ile.

Uhalifu kama Uvunjaji wa Udugu

Ni aina ipi, basi? Orodha ya vichwa inatoa jibu. Mwaka 1906 karatasi moja ilitangaza tukio la kuogofya mno la mwana muovu aliyewapa sumu wazazi wake na mtumishi wa kike huko Pachuca. Mwaka 1910 nyingine ilimsimulia Norberta Reyes, aliyewaua wazazi wake karibu na mji wa Zamora. Antonio Sánchez wa San José Iturbide, jimboni Guanajuato, anasemekana kuwaua watu wanne kisha akala mabaki ya mtoto wake mwenyewe. María Antonia Rodríguez aliuawa kwa kisu na mtu aliyekuwa compadre wake kwa sababu alikataa kuwa na uhusiano wa haramu naye. Katika utamaduni wa Meksiko neno hilo lina uzito usioweza kupuuzwa: ni undugu unaofungwa baina ya mzazi na msimamizi wa ubatizo wa mtoto wake, na kwa desturi unahesabiwa kuwa mtakatifu pengine kuliko ule wa damu. Kisu cha compadre kinakata mwili na ubatizo kwa pigo moja.

Inadhihirika kwamba karatasi hizi hazikuvutiwa na kila uhalifu. Ugomvi wa walevi kilabuni na wizi mdogo sokoni, yaani makosa yaliyojaza jela za jiji, havikupata kichwa chenye herufi nene kwa urahisi kama alivyokipata mwana muuaji. Kilichohesabiwa kuwa habari ni mkono kumgeukia yule ambaye ulipaswa kumlisha, kumlea au kumtunza. Hata sheria ilikuwa na mwangwi wa fikra hii, kwani Katiba ya 1857 ilimtaja muuaji wa mzazi wake miongoni mwa wahalifu wachache ambao adhabu ya kifo iliweza kuwapata.

Thamani ya nadharia hii inaonekana inapowekwa kando ya nadharia iliyokuwa ikishindana nayo. Mwaka 1901 Julio Guerrero alichapisha kitabu kuhusu chimbuko la uhalifu nchini Meksiko, na mwaka 1904 Carlos Roumagnac akachapisha uchunguzi wake wa wahalifu, uliotokana na mahojiano, picha na vipimo vya wafungwa wa jela ya Belén. Taaluma hii, iliyoathiriwa na fikra za Ulaya kuhusu mhalifu wa kuzaliwa, ilikitafuta chanzo cha uovu katika mwili, katika hali ya hewa, katika pombe na katika desturi za watu wa tabaka la chini. Mhalifu alikuwa kielelezo cha tabaka lake. Gazeti la El Imparcial, lililoanzishwa mwaka 1896 na kupata ruzuku ya serikali, liliyasambaza mawazo ya namna hiyo kwa bei ndogo na kwa mitambo ya kisasa, likiwaonya wasomaji wake dhidi ya umati uliowazunguka.

Katika picha za Posada hakuna kichwa kinachopimwa. Muuaji hana taya la mnyama wala paji la uso la ajabu. Mara nyingi amevaa kama majirani zake na ana sura kama yao. Kinachomtenganisha nao ni tendo. Katika michoro kadhaa mashetani wadogo wenye mikia na mabawa humzunguka, wakimsukuma au wakimnong'oneza, na mhakiki mwenye haraka anaweza kuyaona haya kuwa ni mabaki ya ushirikina. Lakini shetani anayesimama nje ya mwili ni hoja. Anasema kwamba uovu umemjia mtu huyu kutoka mahali pengine, kwamba ungeweza kumjia yeyote, na kwamba kabla ya saa hiyo alikuwa mwana wa watu. Mwanataaluma aliyeshika kipimo aliamini kwamba uovu ulizaliwa pamoja na maskini. Mchongaji aliyechora shetani aliuondoa uovu huo katika damu yao. Baina ya hao wawili, aliyeonekana kuwa nyuma ya wakati ndiye aliyewatendea haki zaidi wasomaji wake.

Maneno ya vichwa yanathibitisha jambo hili. Antonio Sánchez anaitwa desgraciado. Neno hilo la Kihispania ni tusi, na wakati huohuo ni neno la huruma: ni mtu mbaya, na pia ni mtu aliyekosa bahati, aliyenyimwa neema. Kichwa kinamlaani na kumlilia katika neno moja. Hakuna ripoti ya polisi iwezayo kutumia neno lenye sura mbili kama hili bila kuharibika.

Maadili ya Ubeti na Ukimya wa Picha

Uhusiano baina ya picha na maandishi katika karatasi hizi haukuwa wa amani. Maandishi yana mwanzo, kati na mwisho. Huanza kwa kumwita msomaji ashangae, husimulia tendo, humfikisha mhalifu gerezani au mbele ya Mungu, na hufunga kwa onyo kwa wazazi na watoto. Mhakiki wa fasihi pendwa anaufahamu muundo huu: msisimko hutangulia, maadili yakaufuata kama hati ya kuruhusiwa kupita. Ni rahisi kudai kwamba onyo ni unafiki mtupu, na kwamba mchapishaji aliuza damu akaifunika kwa sala. Dai hilo lina nguvu, lakini linayachukulia maandishi kuwa yote.

Picha haina mwisho. Posada huchagua mara kwa mara dakika ambayo kisu kimeinuliwa au kimegusa mwili tu. Mstari wa mkono wa muuaji hukatiza picha kwa mshazari. Mwili wa anayeuawa huanguka upande wa pili. Mistari myembamba ya patasi nyuma yao hulijaza anga mtikisiko. Hakuna askari mlangoni wala hakimu. Onyo lililo chini ya karatasi haliwezi kuushusha mkono huo. Msomaji anapomaliza ubeti wa mwisho na kurudisha macho juu, anamkuta muuaji angali anaua. Kwa hiyo karatasi moja ilibeba kauli mbili: ubeti ulisema kwamba kila jambo lina malipo yake, nayo picha ikasema kwamba jambo hili halijaisha.

Vichwa vya habari vilijaribu kuziba pengo hilo kwa ukubwa wa maneno. Kiambishi cha Kihispania cha kukuza sifa hadi kilele kinarudi tena na tena: tukio si la kuogofya tu, ni la kuogofya kupita kiasi. Matumizi haya hudhihakiwa kama mbwembwe za sokoni. Lakini kurudiarudia kwa kilele ni dalili ya uhaba. Pale ambapo tendo limevunja uhusiano ulioaminika kuwa hauvunjiki, lugha hukosa neno lake, na hulazimika kupaza sauti mahali ilipopungukiwa na maana.

Mbele ya Kikosi

Aina ya pili ya picha za uhalifu ni ya kuuawa kwa waliohukumiwa. Vanegas Arroyo alitoa karatasi kuhusu Kapteni Clodomiro Cota, kuhusu Bruno Apresa aliyepigwa risasi mwaka 1904, na kuhusu wengine wengi. Kanuni ya Adhabu ya 1871 iliagiza kwamba adhabu ya kifo isitekelezwe hadharani bali ndani ya gereza au mahali pengine palipofungwa. Karatasi ya mtaani iliufungua mlango huo. Ilimpa mnunuzi wa senti chache nafasi ambayo sheria ilikuwa imemnyima.

Ulinganisho wa kifani baina ya aina hizi mbili unafunua mengi. Mshazari wa mauaji ya nyumbani unatoweka. Mahali pake panashikwa na mistari iliyosimama wima: ukuta, miili ya askari waliopangwa safu, bunduki zilizonyooshwa sambamba, padri, na mtu mmoja aliyesimama peke yake. Mashetani hawapo. Yule aliyekuwa akisukumwa na pepo sasa amerudishiwa utu wake, tena kwa ukamilifu ambao hakuwa nao kabla. Beti zinazoandamana na picha mara nyingi humpa nafsi ya kwanza: yeye ndiye anayeaga, anayemwomba mama yake radhi, anayewausia vijana. Msimulizi aliyemlaani katika karatasi ya kwanza anamwazima mdomo katika karatasi ya pili.

Hapa ndipo nadharia ya udugu inapokamilika. Ikiwa uhalifu ni kujitoa katika jamaa, basi beti za kuaga ni kurejea. Mfungwa anapotaja mama, watoto na mtakatifu wa mji wake anaunganishwa tena na wale wanaomsikiliza. Dola inaonekana katika picha hizi, lakini kama chombo tu: safu ya migongo na mitutu, isiyo na uso unaokumbukwa. Karatasi haisemi kwamba hukumu ni dhuluma. Inafanya jambo la chini zaidi na pengine la kudumu zaidi. Inahakikisha kwamba mtu wa pekee katika picha nzima anayestahili kutazamwa usoni ni yule anayekufa.

Bei ya Kiolezo

Hadi hapa hoja imeziunga mkono karatasi hizi. Lakini mhakiki hawezi kuishia hapo, kwa kuwa huruma wanayoipata wauaji inagawanywa bila usawa. Muuaji wa kiume huanza na kisu na humaliza na wimbo. Mwanamke aliyeuawa hana wimbo. María Antonia Rodríguez ana jina katika kichwa cha habari na mwili katika picha, basi. Dakika ya mkono ulioinuliwa, ambayo kifani ndiyo nguvu ya picha, kimaadili ndiyo kifungo chake: inamweka mwanamke katika kuanguka daima, na inamfanya kukataa kwake kuwa sababu ya tukio badala ya kuwa kauli yake. Mtumishi wa Pachuca ni mfano mkali zaidi. Kichwa cha karatasi kinamtaja mwishoni, baada ya wazazi, bila jina. Alikufa kwa sumu ileile, lakini hakuwa jamaa, na katika nadharia inayoupima uovu kwa udugu kifo cha asiye ndugu huwa kiambatisho.

Kesi ya Guadalupe Bejarano inaonyesha mipaka ya mfumo mzima. Mwanamke huyu alipatikana na hatia ya kuwatesa wasichana waliokuwa chini ya ulinzi wake. Mmoja wao, Crescencia Pineda, alikufa kwa mateso hayo mwaka 1891. Umma uliwaka hasira, na mwanamke akapewa jina la mnyongaji wa kike. Sheria haikuruhusu wanawake kuuawa, hivyo alifungwa Belén. Karatasi moja ya Posada na Vanegas Arroyo inamwonyesha katika vyumba vya gereza hilo, na kichwa chake kinaahidi makabiliano baina yake na mwanawe. Kiolezo cha udugu kinafanya kazi hapa kwa bidii: mama na mwana wanasimamishwa uso kwa uso, na drama ya kisheria inakuwa drama ya familia. Lakini drama hiyo si ya Crescencia. Mtoto maskini aliyetolewa kwao akawekwa katika nyumba ya mwingine, kama walivyowekwa watoto wengi wa maskini katika jiji hilo, anatoweka nyuma ya swali la kama mwana atamshtaki mamaye. Swali la ni hali gani iliyomfikisha mtoto mikononi mwa mwanamke huyo haliulizwi, kwa sababu kiolezo hakina mahali pa kuliweka. Udugu unaeleza vyema kwa nini tendo linatisha. Hauwezi kueleza kwa nini mtoto hakuwa na pa kukimbilia.

Dola Inapovaa Sura ya Umati

Udhaifu huu haukuwa wa nadharia tupu, kama lilivyothibitisha tukio la Septemba 1897. Tarehe 16 ya mwezi huo, siku ya sherehe za uhuru, mlevi aitwaye Arnulfo Arroyo alimshambulia Rais Díaz katika gwaride. Alikamatwa akiwa hai. Usiku wake alichomwa visu hadi kufa akiwa mikononi mwa polisi, na umma ukaelezwa kwamba kundi la wananchi wenye hasira lilivunja ulinzi na kujichukulia sheria. Maelezo hayo hayakudumu. Ikabainika kwamba kundi hilo lilikuwa polisi waliojibadilisha mavazi, na kwamba njama ilipangwa na mkuu wa polisi wa jiji, Eduardo Velázquez, ambaye siku chache baadaye alikutwa amekufa kwa risasi gerezani.

Uzito wa kisa hiki kwa mhakiki wa karatasi za mtaani uko katika umbo la uongo wenyewe. Waliopanga mauaji walihitaji hadithi ambayo jiji lingeiamini bila kuuliza, wakaichukua ile iliyokuwa tayari: visu, usiku, ghadhabu isiyo na jina, umati unaoua kwa sababu baba yake ameguswa. Hiyo ni hadithi ya kuvunjika kwa udugu na kisasi chake, imepandishwa tu hadi kwa baba wa taifa. Dola ilijificha ndani ya kiolezo kilekile ambacho hakikuwa na desturi ya kuitazama. Kwamba uongo huo uligunduliwa ni sifa ya waliodadisi. Kwamba ulionekana kuaminika kwa saa chache ni onyo kuhusu kiolezo.

Hitimisho

José Clemente Orozco anasimulia katika tawasifu yake ya 1945 jinsi alivyokuwa akisimama, alipokuwa mwanafunzi mdogo, kumtazama Posada akifanya kazi nyuma ya kioo cha karakana. Katika miaka ya 1950 Leopoldo Méndez, mmoja wa waanzilishi wa Karakana ya Chapa za Umma iliyoundwa mwaka 1937, aliligeuza dirisha hilo kuwa hoja: katika chapa yake maarufu Posada ameketi na zana zake, na nje ya dirisha askari wanawashambulia raia. Ni picha ya heshima kuu, nayo inamtengenezea Posada dirisha ambalo wateja wake hawakumwagiza alichungulie mara kwa mara. Askari wa kwenye karatasi zake za uhalifu wanasimama safu, kimya, uani mwa gereza. Vurugu yote iko ndani ya nyumba.

Kumsahihisha Posada ili awe mwanamapinduzi kamili ni kuwakosea wanunuzi wake. Waliotoa senti zao kwa ajili ya mwana wa Pachuca au compadre wa María Antonia hawakuwa wakisubiri kuelimishwa na wachoraji wa miaka ya 1920. Walikuwa na swali lao, gumu na la kale: ikiwa mkono uliokulisha waweza kukuua, ni nini kinachobaki cha kutegemewa? Karatasi ziliwapa picha ya swali hilo bila kuwatukana kwamba wamezaliwa wahalifu, na zilimrudishia utu hata aliyehukumiwa. Hazikuwapa njia ya kumwona mtumishi asiye na jina, wala mtoto aliyetolewa kwao, wala polisi aliyevaa kama raia.

Fasihi pendwa aghalabu huhukumiwa kwa mizani miwili: hukataliwa kwa kuwa inasisimua, au husifiwa kwa kuwa ni ya umma. Picha za uhalifu za Posada hazitoshi katika mizani yoyote kati ya hiyo. Msisimko wake ni njia ya kufikiri, na fikra yake ina upofu wake. Kazi ya uhakiki mbele ya karatasi kama hizi ni kutazama penye mkono ulioinuliwa, kisha kutafuta katika mistari myembamba iliyo nyuma yake ni nani mwingine aliyeanguka katika chumba hicho bila kichwa cha habari kumtaja kwa jina.